Usalama wa anayetoka unaanza kwa wanaobaki



Katika toleo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo kila familia iliyohama inalijua. Mtu anatoka peke yake kutafuta kuni, kuchota maji, kuchuma sombe au kuchimba viazi vilivyobaki katika shamba alilokimbia, na wale waliobaki hawajui kama atarudi. Wengi wao ni wanawake na wasichana. Lakini wapo pia wavulana wanaotumwa kuuza makala, wazee wanaorudi kuangalia nyumba zao, na vijana wanaokimbia alfajiri barabarani kwa ajili ya mazoezi.

Tunapotembelea familia, mazungumzo huanza kwa chakula, shiti la kuezekea au karo ya shule. Hayachukui muda kufika kwenye njia ya kuni. Ndiyo maana tumeandika makala haya. Tunataka kueleza mambo ambayo mtu anayetembea peke yake anaweza kufanya. Na zaidi ya hayo, tunataka kueleza yale ambayo familia, majirani na viongozi wanaweza kufanya kabla hajatoka. Tunaamini kwamba sehemu kubwa ya usalama wake inatengenezwa na watu waliobaki nyumbani.

Hatari hii ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2023, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), wakishirikiana na wizara ya afya, walitibu zaidi ya watu 25,000 waliotendewa jeuri ya kimapenzi katika nchi yetu. Wengi sana kati yao walikuwa Kivu ya Kaskazini, katika maeneo ya wakimbizi kando ya Goma. Sehemu kubwa walishambuliwa walipokuwa wakitafuta kuni au maji, au wakifanya kazi shambani. Wengine walishambuliwa ndani ya maeneo yenyewe waliyokimbilia. Wanaume na wavulana nao walikuwamo.

Mwezi wa Februari 2025 kambi kubwa zilizokuwa kando ya Goma zilibomolewa, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia katika familia za kupokea, wengine wakalala makanisani na mashuleni. Kambi zikiondoka, haja ya kuni haiondoki. Mtu aliyerudi kijijini anakuta njia ambazo hajazipita kwa miaka miwili au mitatu, na hajui nani anazitumia sasa.

Kwa nini watu wanakwenda peke yao?

Wakati mwingine tunasikia kiongozi akisema katika mkutano: "Tuliwakataza wasiende peke yao, hawasikii." Tunaomba tuangalie sababu kwanza, maana mtu hakatai usalama bila sababu.

Kuni zimekuwa chache. Mama aliyegundua mahali penye kuni kavu hataki wengine wapajue, kwa kuwa kesho patakuwa patupu. Anayefika sokoni mapema anauza kwa bei nzuri. Mwingine ana mtoto mgonjwa na hawezi kungoja kundi. Mwingine anaona haya kwa sababu anakwenda kuomba kazi katika shamba la mtu. Na kuna nyumba ambazo baba na mama wamekaa usiku wakapima: akienda mwanaume anaweza kuuawa au kulazimishwa kubeba mizigo ya watu wenye silaha, akienda mwanamke anaweza kubakwa. Kisha wakaamua mama ndiye aende. Hakuna familia inayopaswa kupima hesabu ya namna hiyo, lakini zipo zinazoipima kila juma.

Kuna pia hatari ya sheria. Wanaokata kuni au kuchoma makala ndani ya Parki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, wanafanya jambo ambalo sheria inakataza. Kwa hiyo wanajificha, wanakwenda mapema sana au kwa njia za pembeni, na mtu aliyejificha hawezi kuita msaada kwa urahisi.

Tuseme jambo moja waziwazi kabla ya kuendelea. Kosa la shambulio ni la aliyeshambulia. Si la mama aliyechelewa, wala la msichana aliyevaa hivi au vile. Mashauri tunayotoa hapa ni ya kupunguza nafasi za mshambuliaji. Mtu asiyeyafuata hajapoteza haki yake ya kulindwa na kutunzwa.

Punguza safari

Safari ambayo haikufanyika ndiyo salama kuliko zote. Kila mzigo wa kuni unaookolewa jikoni ni siku moja ambayo mtu hakwenda porini.

Maharagi yakilowekwa tangu jioni, yanaiva haraka zaidi kesho yake. Sufuria ikifunikwa, moto kidogo unatosha. Kuni zilizopasuliwa ndogo na kukaushwa vizuri zinatoa joto zaidi kuliko gogo bichi linalotoa moshi. Mafiga matatu katika upepo yanapoteza moto mwingi. Yakizungushiwa ukuta wa udongo, moto unabaki chini ya sufuria. Mbabula iliyoboreshwa inatumia makala machache kuliko ile ya kawaida. Familia mbili zinazoaminiana zinaweza kupika maharagi katika sufuria moja kubwa, kila moja kwa zamu yake ya kuni.

Haya ni mambo madogo. Lakini nyumba iliyokuwa ikienda porini mara tatu kwa juma ikishuka hadi mara mbili, imeondoa theluthi moja ya hatari hiyo bila kumsubiri mtu yeyote.

Kabla ya kutoka: njia, saa na mtu

Tunapofundisha jambo hili katika vikundi, tunatumia maneno matatu ambayo hata mtoto anaweza kuyashika.

Njia. Anayetoka aseme anapita wapi wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Haitoshi kusema "ninakwenda kuni." Aseme: ninapita mtoni, ninapanda hadi kwenye mikaratusi, ninarudi kwa njia ya kanisa. Kama anaficha mahali pake pa kuni kwa sababu ya ushindani, amwambie angalau mtu mmoja anayemwamini.

Saa. Aseme atarudi saa ngapi. Asiye na saa atumie jua, au kengele ya shule, au wakati wa sala. Saa hiyo iwe ya kweli. Ukisema saa sita huku unajua utarudi saa tisa, watu wataacha kukuamini na siku ya hatari hakuna atakayeshtuka.

Mtu. Awepo mtu mmoja aliyekubali kungoja. Anaweza kuwa bibi ambaye hatembei tena, jirani mwenye duka dogo, au kijana aliyebaki na wadogo zake. Kazi yake ni kukumbuka njia na saa, na kuanza kuuliza saa ikipita.

Ni muhimu mtu huyo ajue tangu mwanzo atafanya nini. Saa ikipita kidogo, awaulize wanaorudi kwa njia hiyo kama wamemwona. Ikipita zaidi, amwambie mkuu wa nyumba kumi au kiongozi wa kikundi. Wanaokwenda kutafuta waende wengi, mchana, na baada ya kupata habari ya hali ya njia. Asiende mume peke yake kwa hasira, wala binti peke yake kwa hofu, maana kijiji kinaweza kupoteza watu wawili badala ya mmoja.

Kutembea kwa kundi, kama likelemba

Kila mtu anajua kwamba kundi ni salama kuliko mtu mmoja. Ugumu ni kulifanya kundi lidumu. Hapa tumejifunza kutoka kwa akina mama wenyewe, ambao wanaijua likelemba vizuri. Katika likelemba kila mmoja anatoa kidogo, na kila mmoja anapokea kwa zamu. Kuni zinaweza kufuata njia hiyo.

Chukua nyumba kumi. Badala ya watu kumi kutoka kila mmoja siku yake, sita wanatoka pamoja siku mbili za juma na wanne wanabaki. Waliobaki wanalinda watoto, wanachota maji ya karibu na kuangalia saa. Kuni zinagawanywa kwa nyumba zote kumi. Juma linalofuata zamu inabadilika. Mama mwenye mimba, aliyejifungua karibuni au mwenye mgonjwa anapokea sehemu yake bila kwenda, na atalipa zamu akipata nguvu. Ushindani wa mahali pa kuni unapungua kwa sababu mahali pamekuwa pa wote.

Kundi likiwa njiani lifuate mambo haya:

1. Mwendo uwe wa yule aliye polepole zaidi. Washambuliaji humngoja anayeachwa nyuma.

2. Watu wazima wawili watangulie na wawili wafunge nyuma. Wasichana na wavulana wadogo wawe katikati.

3. Wakati wa kukusanya kuni, kila mtu aweze kusikia sauti ya mwenzake. Kila baada ya muda mfupi mmoja aite na wote waitike. Mahali penye hatari ya watu wenye silaha, mtumie ishara ya chini ambayo mmepatana.

4. Wajulikane mapema wawili watakaokimbia kuita msaada kama jambo likitokea. Likitokea ndipo mjadiliane, mmechelewa.

5. Kundi linatoka pamoja na kurudi pamoja. Anayetaka kubaki kidogo asibaki.

Je, wanaume wasindikize? Swali hili linaleta ubishi kila mara, na jibu linategemea mahali. Pale ambapo hatari ni wezi au walevi, wanaume wawili watatu wanaoheshimika wanasaidia sana. Pale ambapo kuna watu wenye silaha, kundi la vijana wanaume wenye mapanga linaweza kudhaniwa ni kundi la wapiganaji, na hapo kusindikiza kunaleta msiba. Akina mama waulizwe wao wenyewe wanataka kusindikizwa na nani, kwa sababu wakati mwingine wanamwogopa msindikizaji.

Ukiwa njiani

Siku nyingine hakuna kundi, na njaa haingoji. Kama inakubidi kwenda peke yako, haya yanasaidia.

Uliza habari katika nyumba za mwisho kabla ya pori, na kwa kila anayerudi. Njia ambayo jana ilikuwa na watu na leo haina hata mmoja inakuambia kitu. Vivyo hivyo shamba lililoachwa jembe chini, au mbwa wanaobweka upande mmoja. Moyo ukikataa, rudi. Kurudi mikono mitupu si uzembe.

Usipite njia ileile saa ileile kila siku. Anayekuvizia anategemea mazoea yako. Lakini usibuni njia mpya ndani ya majani mahali palipopiganiwa. Mabomu ambayo hayajalipuka yanabaki ardhini muda mrefu baada ya vita. Fuata njia zinazokanyagwa, usiguse chuma usichokijua, na uwaambie watoto hivyo kila mara.

Vaa viatu unavyoweza kukimbia navyo, au uvue mapema vile vinavyoteleza. Usivae wala kubeba nguo inayofanana na ya kijeshi, hata koti la msaada lenye rangi hizo. Pesa zigawanye mahali pawili. Simu iwe kimya, na isiwe na picha za wapiganaji au ujumbe wa vita, kwa kuwa simu ikikamatwa picha hizo zinaweza kukugeuza kuwa mtuhumiwa.

Jifunze kutupa mzigo. Wengi wetu hapa Kivu hubeba kuni mgongoni kwa kamba inayopita kichwani. Kamba hiyo inaweza kutolewa kwa tendo moja: unainua kidevu, unasukuma kamba nyuma kwa mikono yote miwili, mzigo unaanguka. Fanya zoezi hilo nyumbani mara kadhaa mpaka mwili ulijue. Usifunge kamba kiunoni wala kifuani. Mama anayebeba mtoto asimweke kati ya mgongo wake na kuni. Mzigo unaweza kupatikana tena.

Ukikutana na hatari

Hapa watu hutuuliza juu ya kujitetea kwa mikono. Tunajibu kwamba inafaa kujifunza, lakini shabaha yake ni moja tu: kupata nafasi ya kukimbia kuelekea kwa watu. Haikusudiwi kumshinda mtu wala kumwadhibu.

Ukiwaona wao kwanza, wakiwa mbali, rudi kimya kwa njia uliyojia. Usisogee ili kujua ni akina nani.

Wakikuona nao wana bunduki, usikimbie ghafla na usiingize mkono mfukoni au ndani ya nguo. Mikono ionekane. Jibu polepole, kwa maneno machache. Wakitaka kuni, simu, pesa au jembe, toa.

Kama ni mtu mmoja asiye na silaha, usimruhusu akukaribie. Simama imara, mikono wazi mbele ya kifua, sema kwa sauti kubwa: "Simama hapo! Usinikaribie!" Washambuliaji wa namna hii hutafuta mtu atakayenyamaza. Piga filimbi kama unayo. Katika kartie nyingi za Goma na Bukavu watu wamezoea kugonga masufuria wezi wanapoingia usiku, na filimbi inafanya kazi ileile shambani, mradi watu wa karibu wanaijua maana yake.

Akikushika mkono, usivute moja kwa moja nyuma. Zungusha mkono wako kuelekea upande wa kidole gumba chake, kwa kuwa hapo ndipo mshiko ni dhaifu, kisha uvute kwa nguvu. Akikushika kutoka nyuma, shuka chini kidogo kwa magoti ili uwe mzito, kanyaga mguu wake kwa kisigino, piga mbavu zake kwa kiwiko. Mahali pa kupiga ni laini: macho, pua, koo, katikati ya miguu. Mchanga machoni unasaidia. Ukipata nafasi kimbia, na usirudi kuchukua mzigo.

Akina mama wanaweza kufanya mazoezi haya robo saa mwishoni mwa mkutano wao, polepole na bila kuumizana. Tumeona wanacheka sana, na hiyo ni sawa. Wanajifunza pia kupiga kelele, jambo ambalo wengi wetu tulikatazwa tangu utoto.

Lakini kama ana silaha, au ni wengi, kutopigana ni uamuzi wa kuokoa uhai. Mara nyingi mwili wenyewe unaganda, sauti haitoki na miguu haiendi. Hilo linawapata watu wenye nguvu na ujasiri, na si dalili ya kukubali. Sheria ya Kongo nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inalijua jambo hilo. Haisemi kwamba ubakaji ni lazima uwe na mapigano. Inataja pia vitisho, kushtukizwa, shinikizo la moyo na mazingira ya kulazimisha. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 20. Na inawalinda wanaume na wavulana sawasawa na wanawake.

Likitokea, saa zinahesabika

Mtu aliyebakwa anahitaji kufika kituo cha afya ndani ya saa 72, yaani siku tatu. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, ambazo zinamezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo, kwa hiyo afadhali saa 10 kuliko saa 70. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku tano. Katika vituo vingi dawa hizi hukaa katika boksi moja linaloitwa kit PEP. Kiongozi ajue leo ni kituo gani cha karibu kinacho boksi hilo, ili asianze kuuliza siku ya msiba.

Siku tano zikipita, aende bado. Kuna matibabu ya majeraha na ya magonjwa ya zinaa, chanjo, na watu waliofundishwa kusikiliza.

Asifukuzwe kwa sababu hana karatasi ya polisi. Matibabu ndiyo yanatangulia, na kushitaki ni uamuzi wake atakaoufanya baadaye. Kama anaweza, asioge kabla ya kupimwa, na nguo za siku ile azihifadhi katika karatasi au kitambaa, si plastiki. Akiwa ameshaoga, aende vilevile. Aombe daktari aandike cheti. Kama mahakama ya kwenu imefungwa kwa ajili ya vita, cheti kitangoja. Mkataba wa Roma, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2002, unasema makosa ya vita na makosa dhidi ya ubinadamu hayafutwi na kupita kwa muda.

Wengi wanaijua Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Goma kuna HEAL Africa. Hizo ni hospitali za majeraha makubwa. Kwa saa 72 za kwanza, kituo kidogo cha afya kilicho karibu kinaweza kuokoa maisha kuliko hospitali kubwa iliyo mbali.

Na kuna kazi ya familia. Mume, baba, mama mkwe: maneno yenu ya kwanza yatabaki naye. "Pole, tunashukuru umerudi" yanatosha. "Kwa nini ulikwenda?" yanamfunga mdomo, na aliyefungwa mdomo hafiki kituoni ndani ya saa 72. Habari yake isitembee kambini. Wanaojua wawe wachache, wale tu aliowataka yeye.

Kazi ya viongozi

Sasa tunasema na ninyi wakuu, kwa heshima.

Chora ramani. Waite akina mama, wachore chini kwa fimbo njia za kuni, maji na mashamba, waonyeshe mahali panapotisha. Mkutano wao uwe wa wanawake peke yao, maana mbele ya wanaume kuna mahali hawatapataja. Baada ya hapo mtajua ni majani gani yakatwe kando ya njia, ni kisima gani kirekebishwe ili wasichana wasiende mbali, na ni choo gani kinahitaji taa na kufuli kwa ndani.

Zungumza na wenyeji. Mzozo wa kuni kati ya wakimbizi na wenye mashamba unawasukuma wanawake kwenda mbali zaidi, mahali pabaya. Katika barza mnaweza kupatana siku na sehemu za kuokota matawi, na wakimbizi nao wakatoa salongo ya kupanda miti au kusafisha mfereji. Mapatano hayo ni ulinzi na ni amani kwa wakati mmoja.

Zungumza na wenye amri wa eneo lenu, wawe nani, mkiwa wengi na mchana. Ombeni jambo dogo linaloweza kuonekana: kizuizi kiondolewe kwenye njia ya maji, askari wasikae kisimani, siku za kuni zijulikane. Msitaje majina ya waliotendewa.

Tengenezeni njia ya habari. Kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, katika eneo la Walikale, watu wenye silaha walibaka watu wasiopungua 387 katika vijiji 13, na habari ilichelewa sana kutoka huko. Simu hazikuwa na mtandao. Baada ya msiba huo MONUSCO iliongeza simu, redio na watu wa kuunganisha vijiji na kambi zake. Lakini wageni huondoka: MONUSCO ilifunga kazi yake Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024. Kinachobaki ni kijiji kujua nani atamwambia nani, kwa simu, kwa motari au kwa mguu.

Mwisho, msikubali mbuzi. Sheria za mwaka 2006 hazikubali kesi ya ubakaji imalizwe kwa malipo ya kupatana. Mbuzi anayepelekwa kwa baba wa msichana hamponyi msichana, na anamfundisha mshambuliaji bei ya safari ijayo.

Ndugu wapendwa, hatuwezi kuwaahidi kwamba njia zitakuwa salama kesho. Tunaweza kusema hivi: jioni ya leo, kabla ya kulala, kila nyumba inaweza kuuliza nani anatoka kesho, anapita wapi, anarudi saa ngapi, na nani atamngoja. Swali hilo halihitaji posho wala shirika.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika nyumba yetu, nani hutoka peke yake mara nyingi zaidi, na kwa nini yeye?

2. Mtu akichelewa kurudi leo, hatua ya kwanza ni ya nani? Ya pili ni ya nani?

3. Je, nyumba kumi za jirani zinaweza kugawana zamu za kuni kama likelemba? Ni nini kitakachozuia?

4. Kituo gani cha afya cha karibu kina kit PEP leo? Tunafikaje huko usiku?

5. Wakimbizi na wenyeji wanaweza kupatana nini juu ya kuni na maji kabla ya mwezi huu kwisha?